Nanasi Lichanue kwa Tarehe Yako

Ukipita barabara ya Bagamoyo kwenda Msata mwezi wa Desemba, pale Kiwangwa utayakuta mananasi yamepangwa pembeni mwa lami mafungu kwa mafungu, mengine yameshaanza kuvuja maji kwa jua. Dalali anajua hayawezi kungoja hadi keshokutwa. Anataja bei, mkulima anaguna, kisha anapokea. Rudi hapo hapo baada ya miezi michache: meza tupu, na mjini nanasi moja limepanda bei hadi mnunuzi analishika, analinusa, analirudisha.

Si uvivu wa mkulima unaoleta hali hii, wala si mvua peke yake. Mananasi ya kijiji kizima hupokea ishara ya kuchanua kwa wakati mmoja. Usiku wa Juni na Julai hupoa, siku hufupika kidogo, na mche uliokwisha kukomaa huchukulia hiyo kuwa amri. Takriban miezi sita baadaye yote yanaiva kwa pamoja, na dalali anasimama barabarani akiwa ndiye mwenye neno la mwisho. Ukitaka kuuza wakati wenzako hawana, itabidi ishara hiyo uitoe wewe, kwa tarehe uliyoichagua. Inawezekana, na gharama yake ni ndogo. Nitaeleza namna ya kuifanya, lakini nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo wengi huliruka, yaani kuhakikisha mche uko tayari. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Homoni inayofanya kazi hii unaijua, hata kama hujawahi kusikia jina lake. Aliyewahi kuvumbika ndizi ameitumia. Ndizi zikifunikwa pamoja, hutoa hewa inayoziivisha zenyewe kwa zenyewe, na iliyotangulia kuiva huzivuta nyingine. Wazee wa Kagera wanaochimba shimo, wakalipasha moto na kufukia ndizi humo, wanaikusanya hewa hiyo hiyo na kuiongezea ya moshi. Jina lake ni ethilini. Mimea karibu yote huitengeneza, na kila mmoja huitumia kwa haja yake. Kwa ndizi inaivisha, kwa jani kuukuu inaangusha, na kwa nanasi inaanzisha ua. Hata mti wa mpira unaitii: ukipakwa dawa yenye ethilini karibu na mkato wa mgemaji, utomvu unachelewa kuganda na mti unatiririka kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nanasi, moshi ndio uliotoa siri. Mwishoni mwa karne ya 19, katika visiwa vya Azores vya Ureno, wakulima waliokuwa wakilima mananasi ndani ya nyumba za vioo waligundua kwamba moshi ukiingia humo, miche huchanua yote kwa pamoja. Mwaka 1932 mtafiti Rodríguez wa Puerto Rico akaonyesha kwamba kinachofanya kazi ndani ya moshi huo ni ethilini. Baadaye huko Hawaii ikaonekana kwamba hata homoni nyingine, ya jamii ya oksini, inaweza kulichanua nanasi, kwa sababu inausukuma mche kutengeneza ethilini yake wenyewe. Leo mkulima hahitaji nyumba ya vioo. Anahitaji chupa ndogo ya ethefoni, ambayo ni kimiminika kinachogeuka ethilini kikishaingia mmeani, au kipande cha kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma, ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini. Asetilini si ethilini, lakini nanasi halizitofautishi.

Sasa twende ndani ya mche, maana hapo ndipo penye faida na hasara. Katikati kabisa ya nanasi, pale majani machanga yanapofumbatana, kuna ncha ndogo inayozaa majani, jani moja baada ya jingine. Ethilini ikiifikia, ncha hiyo inaacha kuzaa majani na kuanza kuzaa maua. Haina kurudi nyuma. Na maua hayo ndiyo macho ya nanasi: kila jicho unaloliona kwenye ganda lilikuwa ua moja, na tunda zima ni matunda madogo mengi, mara nyingi zaidi ya 100, yaliyoshikana kuwa kitu kimoja. Idadi ya macho huamuliwa wiki zile za mwanzo tu baada ya ishara kufika. Mche mkubwa wenye majani mengi na shina nene hupanga macho mengi. Mche mdogo hupanga machache. Baada ya hapo mwaga mbolea upendavyo, mwagilia maji upendavyo: macho yanaweza kunenepa, hayawezi kuongezeka.

Somo hili nililipia. Mwaka mmoja nilisikia bei imepanda, nikaingiwa na pupa. Nilikuwa na safu nane za miche yenye majani ishirini na kitu, mibichi na yenye afya, nikajiambia imetosha. Dawa haikunisaliti hata kidogo, karibu yote ilichanua. Lakini siku ya kuvuna nililiweka tunda la kwanza kwenye kiganja na vidole vyangu vikakaribia kukutana upande wa pili. Mnunuzi aliyapanga matatu matatu, akayasukuma pembeni, akasema, "Haya ni ya juisi." Bei aliyotoa haikulipa hata palizi. Kama ningengoja miezi mitatu zaidi, mashina yale yale yangenipa matunda ya kilo moja na nusu.

Kwa hiyo kabla ya kununua dawa, pima mche. Usitegemee umri. Mche wa miezi 12 kwenye kichanga kikavu unaweza kuwa nyuma ya mche wa miezi tisa ulioko penye rutuba. Kuna kipimo ambacho mashamba makubwa hutumia duniani kote, na mkulima mdogo anaweza kukifanya kwa mizani ya dukani. Vaa glavu. Kusanya majani yote ya mche kwa mikono miwili na uyainue juu, kama mtu anayefunga mganda. Moja litazidi mengine kwa urefu. Hilo ndilo jani lililomaliza kukua hivi karibuni, na linaeleza hali ya mche mzima. Lizungushe kidogo na ulichomoe toka chini kabisa, pamoja na sehemu yake nyeupe. Lipime. Kwa aina ya Smooth Cayenne, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, jani hilo likifika gramu 70 hadi 80, mche unaweza kubeba tunda la kilo moja na nusu na zaidi kidogo. Likiwa gramu 50, subiri. Usipime mche mmoja ukatosheka. Chukua kumi, kutoka pembeni na katikati, penye mteremko na penye tambarare. Kama huna mizani, hesabu majani, ingawa kipimo hiki hakina uhakika wa kile cha kwanza: mche wenye majani mazima yapatayo 40 kwa kawaida uko tayari.

Ukiona majani uliyoyapima yanapishana sana, moja gramu 85 na jingine 40, kosa lilifanyika siku ya kupanda. Machipukizi yalichanganywa. Chipukizi la gramu 400 litalitangulia lile la gramu 150 kwa miezi kadhaa, na shungi la juu ya tunda huchelewa kuliko yote mawili. Panga kwa ukubwa kabla ya kupanda, kila ukubwa na tuta lake. Hii ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko zote katika kilimo hiki, inataka nusu siku chini ya mwembe, na sijui kwa nini bado watu wanairuka. Shamba lililochanganyika hata likichanulishwa siku moja litakupa mananasi ya gunia moja yasiyofanana, na mnunuzi atayakadiria yote kwa lile dogo.

Jambo jingine la maandalizi ni mbolea. Acha kuweka naitrojeni wiki nne hadi sita kabla ya siku yako. Mche ulioshiba naitrojeni unataka kuendelea kuzaa majani, na hauisikii ishara vizuri. Hapo ndipo utakapoona baadhi yanachanua na mengine yamenyamaza, ukaanza kulaumu duka la pembejeo.

Tarehe yenyewe huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya soko. Katika ukanda wa pwani, toka kutia dawa hadi kuvuna ni miezi mitano na nusu hadi sita. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hufika saba au nane. Watu wa pwani wengi huuliza juu ya Ramadhani, na ni swali zuri, kwa kuwa tunda baridi la kufuturu halikosi mteja. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza tarehe 8 Februari hivi, kutegemea mwezi kuandama. Rudi nyuma miezi sita, unaangukia mwanzo hadi katikati ya Agosti.

Lakini hapa pana mtego. Mche ulio tayari mwezi wa Agosti huenda ulikuwa karibu kuwa tayari Juni, na baridi ya Juni ikiukuta mkubwa itauchanulisha yenyewe, uvune Desemba pamoja na kijiji kizima. Waliopanda MD2 wawe macho zaidi, kwa sababu aina hiyo huchanua yenyewe kwa urahisi kuliko Smooth Cayenne. Hivyo mwenye kulenga Februari na Machi lazima apande kwa hesabu, mche upite Juni ungali mdogo kisha ulishwe vizuri ufike Agosti umekamilika. Ni lengo gumu. Rahisi zaidi ni mawili: kutia dawa Machi au Aprili, kabla baridi haijafika, uvune Septemba na Oktoba ukiwatangulia wote, au kutia Novemba uvune Mei, wakati msimu umekwisha kusahaulika. Mimi nisingemshauri anayeanza aanze na Ramadhani. Isitoshe, Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na kufikia 2030 itaanza mwanzoni mwa Januari, katikati kabisa ya msimu wa mananasi. Faida hiyo inakwenda ikiisha.

Wala usichanulishe shamba lote kwa siku moja. Ukifanya hivyo utakuwa umejitengenezea Desemba yako mwenyewe. Gawa: miche 1,000 leo, 1,000 baada ya wiki mbili, na kuendelea, kadiri ya uwezo wako wa kuuza.

Siku ikifika, fanya kazi jioni jua likizama, usiku, au alfajiri mapema. Hii si desturi tu. Nanasi ni mmea unaostahimili ukame, hufunga vinyweleo vya majani yake mchana ili lisipoteze maji, na kuvifungua usiku. Dawa ya saa sita mchana inakuta milango imefungwa, na joto linaipeperusha gesi kabla haijaingia. Tazama pia mawingu. Mvua ikinyesha saa chache baada ya kumwaga, hesabu kwamba kazi hiyo inarudiwa.

Kipimo cha ethefoni kinachopendekezwa na watafiti wa mananasi nchini India ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: sehemu 25 katika milioni, pamoja na urea asilimia 2 na chokaa ya kilimo asilimia 0.04, mililita 50 kwa kila mche. Kwa lugha ya shambani, miche 1,000 inataka lita 50 za maji, kilo moja ya urea, gramu 20 za chokaa, na mililita 2.6 tu za ethefoni ya nguvu ya gramu 480 kwa lita. Ndiyo, mililita mbili na ushee. Pima kwa bomba la sindano, usikisie kwa kifuniko. Kama chupa yako ina nguvu tofauti, hesabu hubadilika, kwa hiyo soma lebo, na nunua bidhaa iliyosajiliwa. Kwa Tanzania msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Koroga urea na chokaa kwanza, urea iyeyuke na chokaa isambae vizuri majini, ethefoni iwe ya mwisho, na ukishaitia usiende kunywa chai. Chokaa hupunguza ukali wa tindikali na kuifanya dawa ianze kutoa ethilini mara moja, kwa hiyo mchanganyiko haulali hadi kesho. Na usishangae urea kurudi baada ya kukwambia uache mbolea: hapa ni kidogo sana, na kazi yake ni kusaidia dawa kupenya jani. Chokaa iwe ya kilimo. Ile ya kupaka nyumba ni kali, haifai.

Mimina katikati ya mche, pale majani yanapokutana, yabaki yamekusanya maji kama kikombe. Kwa kipimo mimi hutumia kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa barazani. Nilikipima kwanza kwa bomba la sindano nikatia alama kwa rangi ya kucha mahali mililita 50 zinapofika. Watu wawili wakiwa na ndoo na vikombe humaliza miche 1,000 kabla ya usiku kukomaa. Vaeni glavu na miwani, kwa sababu ethefoni ni tindikali na jicho haliisamehe.

Kabaidi ni njia ya pili, na hutumiwa pale ethefoni haipatikani. Chembe ya gramu moja hivi, inayokaribia punje ya hindi, hutiwa katikati ya mche ambamo umeshamimina maji baridi kiasi cha mililita 50. Yatachemka kwa povu. Hiyo ndiyo gesi ikitoka. Maji yakiwa baridi gesi huyeyuka zaidi ndani yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kufanya kazi usiku. Rudia baada ya siku mbili au tatu. Ila nakusihi, usiichukulie kirahisi. Asetilini hulipuka. Asiwepo mwenye sigara, kibatari wala jiko karibu, na usiifungie kabaidi na maji ndani ya chupa hata kwa dakika moja. Beba kabaidi kavu kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na watoto. Na kabaidi ya viwandani huwa na uchafu wenye sumu, kwa hiyo iishie kwenye mche ambao hauna tunda bado. Kuivishia matunda yaliyokwisha kuvunwa ni kumlisha mteja usichokijua.

Mwenye miche mitano nyuma ya nyumba hahitaji chochote kati ya hivi. Anaweza kuufunika kila mche kwa mfuko wa plastiki pamoja na ndizi mbivu mbili kwa siku kadhaa, akiuwekea kivuli ili jua lisiuchome. Ndizi itafanya kazi ya ethefoni, polepole.

Kisha unangoja, na wiki za kwanza hutaona dalili yoyote. Kati ya wiki ya sita na ya nane fungua majani ya katikati na uchungulie. Ukiona moyo umegeuka mwekundu, ua limeingia. Baadaye yatatokea maua madogo ya zambarau, yakifunguka kuanzia chini kwenda juu. Miche iliyobaki kijani katikati itie dawa tena, na iandike pembeni kwa kuwa itavunwa baadaye. Tunda likianza kuinama upande wa jua la mchana, funga majani juu yake kwa kamba ya katani au lifunike kwa nyasi kavu, maana ganda lililoungua huoza kwenye safari.

Ethefoni hiyo hiyo hunyunyiziwa na wengine siku chache kabla ya kuvuna ili ganda lipate rangi ya njano. Inabadili rangi, haiongezi utamu. Nanasi halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari kama ndizi; utamu wake wote unatoka kwenye mche, na likishakatwa haliongezi hata chembe. Liache shambani hadi likomae.

Kwa mara ya kwanza jaribu na miche 50 tu, iliyo na majani ya gramu 70 na zaidi. Chonga kijiti, andika tarehe, kipimo ulichotumia na uzito wa jani, kisha kichomeke mwanzo wa tuta. Kijiti hicho ndicho kitakachokupa hesabu ya shamba lako wewe, kwa udongo wako na baridi yako.